Inchi Mbili na Nusu

Nilikuwa fundi wa ekzosi pale Ukunda kwa miaka kumi na mmoja kabla hajatokea mtu wa kuniambia kwamba kazi yangu siijui. Uwanja wetu ulikuwa kando ya barabara iendayo Msambweni, mafundi saba chini ya mabati, kila mmoja na fani yake: huyu rangi, yule umeme, yule breki. Mabomba ya moshi yalikuwa yangu. Teksi ikianza kunguruma kama trekta, gari la hoteli likiburuza sailensa chini, dereva haulizi mara mbili, anaelekezwa kwangu. Nami nilikuwa na kanuni moja niliyoipokea kwa aliyenifunza: gari dogo, bomba la inchi moja na nusu, gari la wastani, inchi moja na robo tatu, na moshi lazima ubanwe kidogo, kwani ukiachwa huru gari hupoteza nguvu. Maneno hayo nilikuwa nikiyatoa kama mtu anayetoa hotuba ya Ijumaa. Hakuna aliyewahi kunibishia.

Mwaka ule mvua kubwa zilikuwa zimeitafuna lami, na watalii wamepungua hata hoteli nyingine zimefunga nusu ya vyumba. Kazi ilikuwa haba. Ndipo alipokuja yule mtu wa bara.

Alikuwa rika langu, miaka thelathini na kitu, mwembamba, mkimya. Alikuwa akifanya kazi katika karakana ya malori makubwa ya safari za mbali huko kwao. Karakana ikafungwa, akateremka pwani na mfuko mmoja wa nguo na mmoja wa vyuma. Asubuhi ya kwanza alitusalimia sote mmoja mmoja, kwa mkono, kisha akauliza kama kuna nafasi ya mtu wa kuchomelea. Wenzangu wakaniangalia. Nikasema akae pembeni, karibu na choo, achukue kazi nitakazozikataa.

Tulimwita Mbara. Jina lake alilitaja siku ile ya kwanza, lakini hatukulitumia. Tulimwiga anavyosema "hii gari" na "ile nyundo". Akiwa chini ya gari akiimba nyimbo zake za kanisani, tulikuwa tukipiga mabati kwa spana hadi anyamaze.

Lipo jambo moja nitalisema sasa ili nisije nikajifanya mwema huko mbele. Bomba la chuma ukitaka kulipinda bila kubonyea, hulijaza mchanga mkavu, ukaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, ukalipasha moto kwa gesi pale unapotaka likunje. Mchanga lazima uwe mkavu. Ukiwa na maji, maji hugeuka mvuke na mvuke hutafuta pa kutokea. Siku moja aliniomba mchanga. Nikamchotea ndoo kutoka kandokando ya mtaro, juu umekauka, chini umelowa. Nilijua ninachokifanya. Akajaza, akaziba, akawasha moto. Kizibo kilifyatuka kikampiga mbavuni, akaanguka kitako. Tulicheka hadi fundi wa rangi akakaa chini akishika tumbo.

Yeye naye alicheka, mkono ubavuni, uso umempauka.

"Ilikuwa niuguse kwanza," alisema. "Kosa ni langu."

Angekasirika, pengine ningemwacha. Kutokasirika kwake ndiko kulikoniudhi.

Basi likaja lile gari. Mwenyewe alikuwa naibu meneja wa hoteli moja Diani, mtu wa bara pia, lakini wa bara aliyenona, viatu vinang'aa hata katika vumbi letu. Alikuwa amenunua gari la Kijapani lenye turbo, jekundu, bomba lake la moshi limeoza kwa chumvi ya bahari kutoka mbele hadi nyuma. Alitaka jipya lote. Alikuwa na marafiki zake ambao kila Jumamosi hushindana kuupanda mlima wa Kwale kutoka Kombani, naye hakutaka kuwa wa mwisho.

"Hii gari iko na turbo," akaniambia. "Unajua turbo wewe?"

"Gari ni gari," nikamjibu. "Bosi, niachie mimi."

Sikuwa nimepata kufunga bomba la gari lenye turbo hata mara moja. Nilikata inchi moja na robo tatu kama kawaida yangu, nikaikunja kunja kuipitisha chini, na kusema kweli kona zangu mbili zilibonyea, nikazipaka rangi nyeusi zisionekane. Mbara alipita akaangalia. Akasimama. Alitaka kusema neno, akaniona ninavyomtazama, akaenda zake.

Baada ya siku tatu gari likarudi. Yule naibu meneja alishuka hata kabla injini haijazima.

"Nani alifunga hii kitu? Wewe! Kuja hapa."

Palikuwa na wateja wanne uwanjani, na mama anayetuuzia mahamri.

"Unajua ni nini ilinipita Kwale? Gari ya mikate! Ya mikate! Dereva alinipigia honi akicheka. Gari inachemka, haivuti, inapumua kama mgonjwa. Umenifungia mrija wa soda, wewe mjinga."

Nilijaribu kumwambia kwamba moshi lazima ubanwe. Alinikata.

"Banwa wewe! Hakuna mtu mwingine hapa anajua turbo?"

Kutoka upande wa chooni sauti ya taratibu ikasema, "Mimi nimefanya malori ya turbo miaka tisa, mkubwa."

Alikuja akifuta mikono kwa kitambaa. Alichuchumaa, akaingia chini ya gari na kipimo chake cha chuma, kile chenye meno mawili yanayobana bomba na kukusomea upana wake. Alipotoka alizungumza nami kwanza, wala si na mwenye gari, na hilo alilifanya kwa heshima. Wakati ule mimi niliona kinyume chake.

"Kaka, usemalo lina ukweli wake kwa gari la kawaida. Bomba likiwa kubwa kupita kiasi, moshi unapoa njiani, unazubaa. Lakini turbo ni mapangaboi mawili kwenye mhimili mmoja. La kwanza linasukumwa na moshi. La pili linasukuma hewa kwenye injini. Sasa moshi ukishalizungusha lile la kwanza, kazi yake imekwisha. Uachie uende zake. Ukiubana hapa nyuma, unalishika pangaboi na mkono."

"Kwa hivyo nitaweka kubwa kabisa," akasema naibu meneja. "Inchi nne. Isikike mpaka Likoni."

"Hapana, mkubwa. Mdomo wa turbo yako ni inchi mbili na robo. Tusiende chini ya hapo hata mahali pamoja, hata kwenye kona. Mbili na nusu inakutosha. Tatu ingefanya kazi, lakini angalia nafasi kati ya ekseli na bodi: itagonga. Na kwa hizi barabara baada ya mvua, bomba likining'inia chini hulifikishi Msambweni. Nne ni kubeba chuma cha bure."

Alisema haya akichora kwa chokaa kwenye tairi, duara ndogo na duara kubwa. Mama wa mahamri alisogea naye kuangalia. Nami nilielewa, papo hapo, neno kwa neno. Hilo ndilo lililonichoma. Lau ningedhani ni upuuzi ningelala salama.

Naibu meneja alicheka, akanigeukia. "Umesikia? Huyu ndiye fundi. Wewe utamshikia."

Kwa siku mbili nikamshikia. Mimi, niliyekuwa nikielekezewa kila dereva, nilishika bomba huku yeye akichomelea, nikampa spana alizoziomba, nikamletea mchanga, na safari hii aliutia kiganjani akaufinya kabla ya kuupokea. Wenzangu waliokuwa wakimwita Mbara walianza kumwita Fundi. Fundi wa rangi aliniuliza mbele ya watu kama nimepandishwa cheo. Kona zake zilikuja laini kama shingo ya mtungi. Kila baada ya kukunja alipitisha kipimo, akaitikia kwa kichwa, akasema peke yake, "Mbili na nusu. Mbili na nusu." Nami nikawa nayahifadhi yote: unapoanzia kupima, nafasi unayoiacha kwa bomba kutanuka likipata moto, pa kutundika mipira ya kulibeba.

Ijumaa mchana kazi ilikwisha. Wenzangu walikwenda msikitini. Mimi nilisema nitawafuata. Mbara alikwenda kwa mama wa mahamri kunywa chai, kwa kuwa naibu meneja alikuwa njiani kuja kulijaribu gari, na alitaka kunawa uso apate kuonekana nadhifu.

Nilijiingiza chini ya gari. Pale bomba linapoungana na turbo pana sahani mbili za chuma zilizobanwa kwa bolti tatu. Nililegeza nati mbili hadi zikawa zinageuka kwa vidole. Ya tatu niliirudisha mizunguko michache. Kisha nikautoa mpira mmoja wa kulibebea bomba katikati, nikautia mfukoni. Haikunichukua muda. Nilipotoka nikajikung'uta nikaenda msikitini, nikaswali na watu.

Nilitaka bomba lianguke mbele ya mwenye gari. Hilo tu ndilo nililotaka, na mpaka leo hujiambia hivyo, kwamba mkono sikuufikiria.

Niliporudi, tulikwenda kulijaribu gari watatu. Naibu meneja kwenye usukani, Mbara mbele pembeni yake, mimi nyuma. Nilichukua mfuko wangu wa vyuma na zile glavu zangu nene za ngozi za kuchomelea. Kutoka Kombani mlima unapoanza, naibu meneja alikanyaga. Wallahi lile gari lilipaa. Nilibanwa kwenye kiti mgongo mzima. Turbo ilipiga mluzi, malori yakarudi nyuma yetu kana kwamba yamesimama, na yule bwana akawa anapiga kelele za furaha kama mtoto, anampigapiga Mbara begani. "Fundi! Fundi! Hii ndiyo gari!" Mbara alikuwa ameshika dashibodi akitabasamu. Nilimwona shavu lake kutoka nyuma. Sijawahi kuona mtu amefurahi kwa utulivu namna ile.

Tulipokaribia juu, lami ilikuwa imechimbika. Gari liliruka shimo moja, na la pili. Pakalia mshindo, kisha ngurumo, kisha chuma kikiburuzwa chini. Harufu ya moshi ikajaa ndani.

Tulisimama katikati ya njia, kwenye kona. Nyuma yetu lori likapiga honi, na jingine. Bomba lilikuwa limeachana na turbo, ncha ya mbele imechomeka kwenye lami, gari haliwezi kwenda mbele wala kusukumwa pembeni.

"Toa hiyo kitu!" naibu meneja akafoka. "Toa sasa hivi! Umeniharibia gari! Nilijua, nilijua tu, takataka ni takataka."

Mbara aliinama akatazama chini. Bomba pale karibu na turbo lilikuwa limeiva kwa moto. Alirudi dirishani kwangu.

"Kaka, nipe glavu zako."

Nilikuwa nimezikalia. Nilizihisi chini ya paja langu, ngozi ile ngumu, kidole kimoja kimekunjamana.

"Zimebaki Ukunda," nikasema.

Alinitazama. Honi zilizidi. Dereva wa lori alishuka akitukana. Naibu meneja alimsukuma Mbara kisogoni, "Unangoja nini?" Mbara akachukua kile kitambaa chake cha kufutia mikono, akakikunja mara mbili, akaingia chini. Alilishika bomba, akalinyanyua, akalisogeza. Sikusikia ukelele. Nilisikia pumzi tu, ndefu, ikiingia ndani, na nikanusa. Alitoka ameushika mkono wa kulia kwa kiganja cha kushoto kama mtu aliyebeba kinda la ndege, akaenda akakaa kwenye nyasi kandoni mwa barabara. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na ngozi.

Tulilisukuma gari pembeni, mimi na naibu meneja. Malori yakaanza kupita. Bwana yule alizunguka akipiga teke tairi. Nikaona ndiyo saa yangu.

"Bosi," nikasema, "hebu niangalie. Pengine hakukaza vizuri."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikazichukua glavu, nikazivaa. Mbara alikuwa kwenye nyasi, hatua sita kutoka nilipo. Nilijua ananiona. Nililala chini, nikalirudisha bomba mahali pake, nikatoa bolti na nati nyingine kwenye mfuko wangu wa vyuma, nikazikaza zote tatu hadi mwisho, nikatoa ule mpira mfukoni mwa suruali nikautundika. Kabla hata dereva wa lori la mwisho hajatupita, kazi imekwisha.

Injini ikawashwa. Ikanguruma vizuri, sauti nzito ya chini.

"Sasa wewe ndiye fundi," naibu meneja akaniambia. "Huyu alikuwa anajua maneno tu. Ingia twende."

"Na yeye?"

"Hospitali iko hapo juu. Miguu haijaungua."

Nikaingia. Nilikaa mbele, alipokuwa amekaa yeye. Hatukugeuza hata kutazama.

Jioni mke wangu aliniuliza mbona sili. Alikuwa akimjua yule mtu, maana mara nyingine alipoleta chakula cha mchana uwanjani alimtilia naye sahani, wali na samaki, bila kuniuliza. Nikamwambia yule Mbara ameungua mkono kwa uzembe wake.

"Amepelekwa hospitali na nani?"

"Alikwenda mwenyewe."

Mke wangu alifunika sahani yangu akaingia ndani. Kesho yake alipanda Kwale na chupa ya uji, akarudi nayo imejaa. Alikuta ametibiwa na kuruhusiwa, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Uwanjani hakurudi. Vyuma vyake vilibaki kule karibu na choo wiki tatu, kisha watu wakagawana, na kile kipimo cha meno mawili nikakichukua mimi. Mwaka uliofuata nikawa fundi wa turbo. Magari yalinijia kutoka Msambweni, Shimba, hata Lunga Lunga. Nilikuwa nikichora duara mbili kwa chokaa kwenye tairi nikawaeleza wateja kuhusu mapangaboi mawili kwenye mhimili mmoja, na moshi ambao ukishamaliza kazi yake uachiwe uende zake. Walinisifu kwa elimu. Fundi wa rangi alikuwa hapo anasikia, anapuliza rangi yake.

Nilimwona tena mara moja. Nilikuwa nimeitwa Kikoneni kutazama pikapu ya mkulima mmoja iliyokatika bomba. Pale kituoni palikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na mtu mlangoni, mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Alikuwa akimimina mahindi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umejikunja, vidole vitatu vimelala kiganjani, haviinuki.

Nilisimama. Ningeweza kupita. Nilimsalimia, akaitikia, akanitambua bila kushtuka.

"Kumbe uko huku," nikasema.

"Niko huku. Nimeoa huku."

Mashine ilikuwa ikivuma. Nikasogea ili nisipaze sauti. "Siku ile mlimani..."

"Glavu ulikuwa umezikalia," akasema.

"Ulijua?"

"Niliziona ukizitoa. Na nati nilizikaza mimi mwenyewe. Nati tatu haziwezi kulegea pamoja kwa mashimo mawili."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Yule bosi? Nyinyi pale uwanjani?" Alichota mahindi mengine. "Kati yenu nani angenisikiza?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa muda mrefu, nikiamini siku nikimwona yatatoka. Yalitoka vibaya, mafupi. Nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

Aliizima mashine. Kina mama waliokuwa foleni wakatugeukia.

"Umekuja hapa kunitafuta?"

Ningesema ndiyo. Nilitamani kusema ndiyo. Lakini kule nyuma mwenye pikapu alikuwa ananipungia mkono.

"La. Nimeitwa kwa ajili ya gari."

"Basi kashughulike na gari."

Akaiwasha tena mashine, akanyoosha mkono wa kushoto kupokea kikapu cha mama aliyefuata, akamuuliza ataka unga laini au wa kukwaruza. Nilibaki pale nimesimama, unga unaniangukia mabegani, hadi yule mama akaniomba nimpishe njia.

Pikapu nilikuwa nimeimaliza kabla ya adhuhuri. Ilikuwa ya kawaida, haina turbo, inchi moja na robo tatu iliitosha. Nilipotoka Kikoneni nilipita njia ya nyuma, ya shambani, iliyojaa matope, ili nisipite tena mbele ya ile mashine. Mke wangu sijamwambia kwamba nilimwona. Hajaniuliza, na tangu siku ile ya uji hajaleta tena chakula uwanjani.